Klima, kisiwani Milos: jibu kwa anayetaka kwenda na mama yake

Ndugu uliyeuliza, nimelisoma swali lako vizuri. Unaishi Ujerumani, mama yako anakuja kukutembelea kutoka Tanga mwezi wa Agosti, umeona picha za nyumba zenye milango ya rangi zilizojipanga ukingoni mwa bahari kisiwani Milos, nchini Ugiriki, na ungependa kujua kama kijiji hicho kinafaa kulala au ni cha kupigia picha tu. Kijiji chenyewe kinaitwa Klima. Nilikifika zaidi ya mara moja nilipokuwa naishi Athens, na ushauri wangu ni kwamba nendeni, lakini msilale huko, wala msiende mkitarajia ufukwe wa mchanga, kwa sababu haupo.

Wengi wanaorudi wakilalamika kuhusu Klima hawakuelezwa mapema kwamba ile safu ni ya mabanda ya mashua, ambayo wenyeji huyaita syrmata. Chini ni chumba cha mashua, chenye mlango mpana wa mbao unaofunguka moja kwa moja kuelekea majini. Juu yake ni chumba cha familia, chenye roshani nyembamba na madirisha yaliyopakwa rangi inayooana na ile ya mlango. Kwa nyuma vyumba vingi vimechimbwa ndani ya mwamba laini wa volkano, maana kisiwa kizima ni zao la volkano. Majira ya baridi yanapoingia, mashua huvutwa ndani na mlango ukafungwa. Siku hizi baadhi ya vyumba vya chini vimegeuzwa sebule au vinapangishwa kwa wageni, lakini vingine bado vina nyavu, makopo ya rangi na injini iliyofunguliwa ikisubiri fundi.

Mtu aliyekulia pwani yetu, akisimama pale, hujiuliza kwanza imewezekanaje. Tanga, Unguja au Mombasa, maji ya bamvua hupanda na kushuka kwa zaidi ya mita tatu, hivyo nyumba yenye kizingiti kilicho kimo cha goti tu juu ya bahari ingefurika kila maji yakijaa, na yakipwa mashua yake ingelala matopeni mbali na mlango. Bahari ya Aegean, inayoizunguka Milos, haina habari hizo. Tofauti ya maji kujaa na kupwa ni ndogo kiasi kwamba mgeni hata haitambui. Halafu kuna suala la upepo. Mwezi wa Julai na Agosti visiwa hivi hupigwa na meltemi, upepo mkali wa kutoka kaskazini unaoweza kuvuma siku kadhaa mfululizo, lakini Milos ina umbo la kiatu cha farasi, na Klima iko upande wa ndani wa ghuba, imekingwa na kilima nyuma yake. Vijiji vya aina hiyo vilivyoko pwani ya kaskazini ya kisiwa, kama Mandrakia na Firopotamos, havina kinga hiyo, na siku ya meltemi utaona mawimbi yakipasuka hadi karibu na milango. Kwangu mimi Mandrakia ndiyo inayovutia zaidi, ila kwa mama yako Klima ni tulivu zaidi.

Utulivu huo una mipaka yake. Meli zinazoingia bandari ya Adamas hupita mbele ya kijiji, na mawimbi yake hayafiki papo hapo. Jioni moja nilikuwa nimesimama kwenye njia ya saruji iliyo mbele ya milango, pamoja na wageni wengine wengi wenye kamera, meli ikapita kwa mbali na sote tukaisahau. Bibi mmoja aliyekuwa ameketi mlangoni kwake akichambua maharagwe aliinuka, akaweka bakuli juu ya dirisha, akakisogeza kiti ndani, kisha akasimama akitutazama bila kusema neno. Muda mfupi baadaye maji yalipanda juu ya saruji, yakatufika vifundoni. Njia hiyo haina uzio, na sehemu zinazolowa mara kwa mara zimeota ukoko wa kijani unaoteleza vibaya sana. Mama avae viatu vyenye soli ya mpira na atembee upande wa ukutani. Pia, kwa kuwa njia yenyewe inapita mlangoni kwa watu, ni adabu kusalimia na kutochungulia ndani wala kukaa kwenye ngazi za mtu ili upigwe picha, jambo ambalo wageni hulifanya kila siku kana kwamba wenye nyumba hawapo.

Sababu ya kutolala huko ni nyepesi. Hakuna duka, sehemu za kula ni chache mno, ngazi za ndani za nyumba hizi ni nyembamba na zimesimama wima, na barabara ya kushuka kijijini ni ya mteremko mkali yenye nafasi finyu ya kuegesha gari. Basi la kutoka Adamas huwapeleka watu Plaka na Tripiti, vijiji vilivyo juu ya kilima, na kutoka Tripiti hadi Klima ni kushuka kwa miguu. Wewe utafurahia njia hiyo. Kwa mtu mwenye magoti mabovu, kodini gari au chukueni teksi. Laleni Adamas, ambako kando ya bandari ni tambarare na kila kitu kiko karibu, kisha mwende Klima saa kumi na moja jioni au baada ya hapo, jua likiwa limeelekea magharibi na kuipiga milango ile uso kwa uso.

Kabla ya kushuka, tengeni saa moja na nusu kwa ajili ya mambo ya pale juu. Kuna ukumbi wa maonyesho wa enzi za Warumi, wenye viti vya marumaru vinavyotazama ghuba, na karibu yake ndipo mkulima mmoja alipofukua, mwaka 1820, sanamu ya marumaru ya mungu wa kike Aphrodite ambayo dunia inaijua kwa jina la Venus wa Milo. Wafaransa waliinunua, na tangu mwaka 1821 iko katika jumba la makumbusho la Louvre, mjini Paris; kisiwani kuna nakala tu, katika jumba la makumbusho la Plaka. Chini kidogo ni makaburi ya Wakristo wa karne za mwanzo, yaliyochongwa ndani ya mwamba uleule laini. Huko ndani mgeni huoneshwa sehemu ndogo tu, na kuna baridi, basi mama awe na mtandio.

Kuhusu chakula, pweza mtamkuta ananing'inia kwenye kamba akikaushwa juani, na mama atajisikia nyumbani. Ikiwa hatumii kileo, ulizeni kabla ya kuagiza, kwa sababu Wagiriki wana mapishi ya pweza aliyechemshwa katika mvinyo. Ombeni wa kuchoma. Kuna pia ladenia, mkate bapa wenye nyanya, vitunguu na mafuta mengi ya zeituni, na pitarakia, sambusa ndogo za jibini.

Viza isiwasumbue sana. Ugiriki imo katika eneo la Schengen, kwa hiyo mama akipewa na Ujerumani viza ya muda mfupi inayoruhusu nchi zote za eneo hilo, hahitaji nyingine, mradi siku zake nyingi ziwe Ujerumani na bima yake ya safari, ambayo haipaswi kupungua euro 30,000, iwe inafanya kazi na Ugiriki pia. Pasipoti atembee nayo, hata kama safari ya meli ni ya ndani ya nchi.

Meli huondoka Piraeus, bandari ya Athens. Boti za kasi huchukua takriban saa tatu, na meli kubwa za kawaida saa tano hadi saba. Mimi kwa Agosti ningemchukulia mama meli kubwa, kwani haitikisiki sana na ina mahali pa kujinyoosha, na upepo unapozidi, boti za kasi ndizo huzuiwa kwanza kuondoka bandarini. Kateni tiketi mapema, na mrudi Athens angalau siku moja kabla ya ndege ya kwenda Ujerumani, maana meltemi ikikaza hakuna ratiba inayoheshimiwa.