Re: Bastola ya P38 (ya jeshi la Ujerumani, Vita vya Pili vya Dunia) yenye maandishi "byf 44" ilitoka kiwanda gani?

Mkuu, "byf" ni kiwanda cha Mauser cha Oberndorf, Ujerumani, na 44 ni mwaka 1944. Wajerumani walificha majina ya viwanda kwa herufi: "ac" ni Walther wa Zella-Mehlis, "cyq" ni Spreewerk, ambao hawakupiga muhuri wa mwaka kabisa. Sasa geuza ubavu wa kulia, utafute tai mdogo mwenye 135 chini yake. Ni muhuri wa mkaguzi wa jeshi pale Mauser. Namba ya mkaguzi wa Walther ni 359, Spreewerk 88. Kisha linganisha namba za mtutu, fremu na sehemu ya juu inayorudi nyuma. Zikitofautiana, imeunganishwa kwa vipuri vya bastola nyingine. Tafadhali sana, usiisugue kwa msasa! Mihuri ikifutika, historia yake imekwenda.