Kadi umepata, pesa huoni: mifuko ya serikali kwa wenye ulemavu Kenya

Wazazi wenzangu huku pwani huniuliza swali moja kuliko mengine yote: "Kadi ya mtoto nimeshapata, mbona zile elfu mbili haziingii?" Haziingii kwa sababu kadi na elfu mbili hazitoki mlango mmoja. Kadi ya ulemavu hutolewa na Baraza la Kitaifa la Watu Wenye Ulemavu. Elfu mbili, shilingi za kila mwezi, ni za Inua Jamii, mpango wa serikali wa msaada wa pesa ulio chini ya idara ya ulinzi wa jamii, na majina yake huandikwa mashinani, kwa chifu na afisa wa maendeleo ya jamii, pale serikali inapofungua usajili. Waweza kukaa na kadi kabatini miaka na miaka na jina la mtoto lisifike kule.

Kijana wangu ana mtindio wa ubongo na kifafa. Ofisi hizi nimezizoea tangu akibebwa mgongoni, na niliyojifunza ni kwamba kabla ya kuuliza pesa ziko wapi, ujue kwanza unaomba nini, maana kila mfuko una kazi yake.

Lakini kabla ya mfuko wowote kuna hospitali. Jopo la wataalamu katika hospitali ya serikali iliyoidhinishwa ndilo huandika mtoto ana ulemavu gani na kwa kiasi gani, na karatasi hiyo ndiyo itakayosomwa na kila ofisi utakayoingia baadaye. Hapo ndipo akina mama tunapojinyima wenyewe. Sisi tumelelewa kushukuru. Daktari akiuliza, "Mtoto hajambo?" tunajibu, "Hajambo, alhamdulillahi." Akiuliza kama anakula mwenyewe, mama anasema ndiyo, kwa kuwa mtoto anashika kijiko, hasemi kwamba uji wote unaishia kifuani na kumlisha huchukua saa nzima. Nimekaa kwenye mabenchi hayo na kuwasikia. Shukrani mpe Mungu, daktari mweleze siku ilivyo mbaya: usiku anaamka mara ngapi, nani humbeba chooni, ni kazi gani uliyoiacha ili ubaki naye. Mambo haya yaandike nyumbani, maana ukifika pale na foleni iko nyuma yako, nusu utayasahau. Inua Jamii upande wa ulemavu ni ya wenye ulemavu mkali, wanaohitaji mtu wa kuwaangalia muda wote, katika nyumba zisizojiweza. Karatasi ikisema mtoto "anajimudu", chifu hata akikupenda vipi hana la kufanya.

Ukishaingizwa, usizione elfu mbili kama mshahara. Kwa siku ni kama shilingi 66. Na usizitegemee kuja mwezi kwa mwezi; zimewahi kulimbikizwa, zikaja za miezi miwili au zaidi kwa pamoja. Ukizipangia karo au kodi ya nyumba utaaibika mbele ya watu. Mimi hutoa kwanza dawa ya kifafa, kwa sababu hiyo hairukwi hata siku moja, kisha nepi. Zikibaki, sabuni. Mara nyingi hazibaki.

Kiti cha magurudumu usikitafute kwenye elfu mbili. Baraza lina hazina ya maendeleo, iliyowekwa na sheria ya watu wenye ulemavu ya 2003 (sheria yenyewe sasa imerithiwa na ile ya 2025, basi usijaze fomu kuukuu uliyofotokopi kwa jirani). Humo ndimo huombwa vifaa, msaada wa karo, vyombo vya kazi kama cherehani, na ruzuku za vikundi. Karo hulipwa shuleni moja kwa moja, haipiti mkononi mwako, kwa hiyo nenda na barua ya shule na muundo wa karo.

Kuhusu kiti nitasema zaidi, kwa kuwa nimeona viti vingi vimegeuka vitagio vya kuku. Mtoto asiyeweza kushikilia shingo akiwekwa kwenye kiti cha kawaida cha turubai, anapinda. Mgongo unakwenda upande, na miaka ikipita haurudi. Kwa hiyo usiombe "kiti" tu. Mwone mtaalamu wa tibaviungo, akupimie mtoto nyonga, paja na urefu wa mgongo, aandike kwamba anahitaji kiegemeo cha kichwa na mikanda ya kifua, kisha ambatisha barua hiyo. Eleza pia njia ya kwenu ilivyo. Magurudumu membamba kwenye mchanga wetu ni mapambo. Ukipewa kisichomfaa, una haki ya kusema hakimfai. Nilisema, nikaambiwa sina shukrani, na kiti cha kufaa kikaja baadaye.

Kwa mkubwa mwenye ulemavu anayepata kipato, iko nafuu ya kodi: shilingi 150,000 za kwanza kwa mwezi hazikatwi kodi ya mapato. Lakini kadi peke yake haimzuii mwajiri kukata. Ni lazima uombe cheti cha msamaha kwa KRA, mamlaka ya kodi, na kina mwisho wake, hivyo uombe upya kabla hakijaisha.

Kusajiliwa na baraza hakulipishwi. Yule kijana wa mlangoni anayetaka "ya chai" ili faili lako lisogee, mpite.

Jambo la mwisho ni la mlezi, na wengi hawalipi uzito. Mtoto asiyeweza kwenda kuchukua pesa huandikiwa mlezi, na mara nyingi ni nyanya, kwa kuwa ndiye aliyekuwa nyumbani siku ya usajili. Nyanya akifariki, pesa zinakwama kwenye jina lake, na mtoto anakaa bila kitu huku ukoo ukitafuta cheti cha kifo. Mlezi akizeeka au akiugua, msingoje. Nendeni kwa chifu na kwa afisa wa maendeleo ya jamii angali hai na mwenye fahamu, aseme mwenyewe nani achukue nafasi yake. Bebeni kitambulisho chake, cha mlezi mpya, na cheti cha kuzaliwa cha mtoto. Na mkiacha karatasi ofisini, ombeni nakala yenu ipigwe muhuri wa siku hiyo.