Seli 50 hazitoshi kusema damu ni ya mwanamume

Ndugu, umesema umekagua nyutrofili (aina ya seli nyeupe za damu) 50 kwenye slaidi ya mazoezi, hukuona "kirungu" hata kimoja, ukaandika kuwa damu ni ya mwanamume. Usikabidhi ripoti hiyo bado.

Kwa kawaida mwanamke ana kromosomu X mbili na mwanamume moja; kirungu hicho ni X moja iliyozimwa na kujikunja, ikaning'inia nje ya kiini cha seli kwa uzi mwembamba. Davidson na Smith walikieleza mwaka 1954. Shida ni kwamba hata kwa mwanamke huonekana kwenye nyutrofili chache tu, takriban 3 katika kila 100. Kwa hiyo seli 50 bila kirungu si ajabu hata kidogo. Hesabu angalau 500, kwa lenzi ya mafuta ya hadubini inayokuza mara 100, pale seli zilipotandazwa bila kupandana.

Mimi mwanzoni nilikuwa nahesabu kila kinundu nilichokiona, nikapata "wanawake" wengi mno! Kirungu halisi kina kichwa cha mviringo, kimekolea rangi, na shingo yake inaonekana. Vijinundu visivyo na shingo na vile vyenye uwazi katikati kama raketi, viache.

Jambo moja zito: mwanamume mwenye XXY (X mbili na Y moja) anaweza kuwa na virungu, na mwanamke mwenye X moja hana. Kwa hiyo kama slaidi ni ya mgonjwa au ya kesi, usimwambie mtu chochote kutokana na hadubini. Mpeleke kwa daktari aagize kipimo cha kromosomu.