Kabla ya kununua soketi ya rimoti, ihesabu mita yako usiku

Wanaoniuliza kuhusu soketi za rimoti, zile unazochomeka ukutani ili uwashe na kukata kwa rimoti umeme wa kifaa kilichochomekwa juu yake, karibu wote huanza na swali moja: ninunue ipi? Mimi huwarudisha kwenye mita ya umeme kwanza. Soketi hizi nazipenda, ninazo nyumbani na sitaziacha, lakini nazo zinakula umeme. Ukichomeka moja mahali ambapo hapakuwa na umeme wa maana unaopotea, umejiongezea mlaji mwingine.

Mita nyingi za kielektroniki zina kitaa chekundu kinachopepesa, na karibu yake pameandikwa 1000 imp/kWh, au 1600, au 3200. Hiyo ni idadi ya mara kinazopepesa kwa kila uniti moja inayotumika. Usiku watu wakishalala, zima vitu vyote jinsi unavyovizima siku zote: TV kwa rimoti yake, kompyuta kwa kuifunga, taa kwa swichi. Chomoa friji kwa dakika chache tu ili mota yake isivuruge hesabu, na uirudishe mara ukimaliza. Halafu simama mbele ya mita, fungua saa ya kuhesabia kwenye simu, uone zinapita sekunde ngapi tangu kitaa kipepese hadi kipepese tena. Mita ikiwa ya 1000, chukua 3,600 ugawanye kwa sekunde hizo. Jibu ni wati zinazotumika wakati huo. Kwa mita ya 1600 gawanya 2,250, na kwa ya 3200 gawanya 1,125.

Kwangu kitaa kilikuwa kinapepesa kila baada ya dakika moja hivi. Ni wati 60. Nyumba imelala, hakuna anayetazama wala kusikiliza chochote, na wati 60 zinaondoka. Wati moja ikienda mfululizo mwaka mzima inamaliza uniti 8.76, kwa hiyo kwa mwendo ule nilikuwa nalipia uniti zaidi ya 500 kwa mwaka bila kupata chochote. Namba ile ndiyo iliyonifanya nilishike jambo hili kwa uzito.

Baada ya hapo unatafuta walaji mmoja mmoja. Njia rahisi ni kile kipimo kidogo kinachochomekwa ukutani, halafu kifaa chako kinachomekwa juu yake, kikakuonyesha wati. Vile vya bei ya chini hukosea sana kwenye vifaa vinavyokula chini ya wati chache, basi usigombane navyo kwa nusu wati. Unachotafuta ni wakubwa. Kama huna kipimo, mita yenyewe inatosha: chomoa kitu kimoja, rudi uhesabu sekunde, chomoa kingine. Inachosha miguu lakini inasema ukweli.

Matokeo yanaweza kukushangaza. Chaja ya simu, ambayo kila mtu huhimizwa aichomoe, ikiwa ya kisasa na haina simu hula sehemu ndogo sana ya wati. Mwaka mzima haifikishi hata uniti mbili. TV mpya nayo si mkosaji mkubwa. Shirika la Kimataifa la Nishati lilipendekeza mwaka 1999 kwamba kifaa kilicho standibai, yaani kimezimwa lakini bado kina umeme kikisubiri amri, kisizidi wati 1, na Umoja wa Ulaya tangu 2013 unataka vifaa vingi vya nyumbani visizidi nusu wati, au wati 1 kwa vile vyenye kioo kinachoonyesha saa au habari nyingine (tangu 2025 hivyo vya kioo ni wati 0.8). Watengenezaji wanaouza huko walilazimika kubadilika, na wanunuzi wa kwingine wakafaidika.

Wakosaji ni wengine. King'amuzi kwanza: vingi, hasa vya zamani, ukivizima kwa rimoti vinazima picha tu, huku ndani vikiendelea kupokea mawimbi karibu kama kawaida. Changu kilikuwa kinakula wati 11 "kikiwa kimezimwa". Gusa mfuniko wake asubuhi utaukuta una joto, na joto hilo ni umeme uliolipiwa. Wanafuata subwufa na amplifaya zenye transfoma nzito ya chuma, ambayo hubaki hai hata spika zikiwa kimya. Kisha kifaa cha michezo ya video kilichowekwa kwenye hali ya kuwaka haraka, printa ya leza, spika za kompyuta. Kabati la TV peke yake lilikuwa na karibu wati 30, na meza ya kompyuta kama 14. Zilizobaki zilikuwa za ruta, maikrowevu na vidudu vidogo vidogo.

Kabla hujatoa hela, ingia kwanza kwenye menyu. Hali ya kuwaka haraka ya TV na ya kifaa cha michezo inaweza kuzimwa, na mara nyingi hapo unaokoa wati kadhaa bure. Unachopoteza ni sekunde chache za kusubiri kiwake.

Sasa soketi yenyewe. Faida yake kubwa iko kwenye mwili wa binadamu: plagi za TV ziko nyuma ya kabati, na hakuna mtu atakayeinama kila usiku kuvuta waya gizani. Utafanya wiki ya kwanza, ya pili utaacha. Kama plagi zako ziko wazi na soketi ya ukutani ina swichi unayoifikia kwa mkono, tumia swichi hiyo. Haili hata chembe ya umeme. Soketi ya rimoti ni ya pale mkono usipofika.

Mpangilio ninaoupendekeza ni soketi moja kwa kundi zima. Soketi ya rimoti inachomekwa ukutani, ekstensheni moja inachomekwa ndani yake, halafu TV, king'amuzi, subwufa na kifaa cha michezo vyote vinakaa kwenye ekstensheni hiyo. Soketi nyingi za aina ya redio ya 433 MHz hula kama nusu wati zikisubiri amri. Nusu wati kuzuia wati 30 ni biashara nzuri sana. Nusu wati kuzuia chaja ya simu ni hasara. Kwa sababu hiyo siwashauri watu wanunue pakiti ya soketi nyingi kisha watafute mahali pa kuziweka zote. Mimi nina mbili, kabati la TV na meza ya kompyuta, basi.

Kuhusu Wi-Fi au redio, msimamo wangu ni redio, kwa kazi hii. Soketi ya Wi-Fi lazima ibaki imeungana na ruta saa zote, hivyo mara nyingi hula karibu wati moja au zaidi, na nyingine huhitaji intaneti na akaunti ya kampuni fulani ili zizime taa iliyo mbele yako. Zina mazuri yake: zinapanga ratiba, na baadhi zinapima matumizi. Lakini nyumbani kuna wazee, watoto na wageni, na rimoti yenye vitufe viwili kila mtu anaielewa bila kufundishwa. Mawimbi ya redio hupita kuta, kwa hiyo huhitaji kuielekeza kama rimoti ya TV. Kasoro ni kwamba zile za kawaida haziturudishii jibu: unabonyeza, na huna uhakika kama amri imefika mpaka usikie soketi ikilia "tik" au uone kitaa chake kimezima. Kabati la chuma huzuia mawimbi. Na kama jirani ana aina ileile, mnaweza kuzimiana vitu, hivyo badilisha msimbo uliokuja nao kiwandani, iwe kwa vile viswichi vidogo vya ndani au kwa kuifundisha upya kwa kitufe.

Rimoti isikae kwenye kochi, itapotea. Yangu nimeibandika ukutani kando ya swichi ya taa ya sebuleni. Mkono unaozima taa unashuka kidogo na kubonyeza. Tangu iwekwe pale hakuna anayekumbushwa, na ukihesabu mita usiku sasa kitaa kinachukua zaidi ya dakika tatu kupepesa tena, yaani chini ya wati 20, nyingi zikiwa za ruta na vitu ambavyo nataka viendelee.

Kuna vifaa visivyopenda kukatiwa umeme ghafla, na hapa naomba usome taratibu. Kompyuta ifungwe kwanza kabisa, kisha ndipo soketi. Printa ya wino izimwe kwa kitufe chake ili ifunike vichwa vyake. Ukiikata tu umeme wino unakauka, na ikiwashwa tena huenda ikajisafisha kwa kumwaga wino ambao ni ghali kuliko umeme uliookoa. Mimi printa ya wino siiweki kwenye kundi kabisa. Projekta ya balbu inahitaji feni yake imalize kupoza taa. TV za OLED, zile ambazo kila nukta ya kioo huwaka yenyewe, baada ya saa kadhaa za matumizi hujifanyia matengenezo ya kioo kimyakimya ukishazizima, kwa hiyo zipe dakika kadhaa, au ziache nje ya kundi. King'amuzi unachokiamuru kirekodi vipindi usiku nacho hakifai humo. Friji, ruta inayobeba king'ora cha ulinzi, na kifaa chochote cha tiba, usiviguse.

Na usiendeshe kwa rimoti kitu chochote cha kupasha moto: pasi, hita, jiko. Soketi inaweza kuwashwa kwa bahati mbaya na mtoto aliyekalia rimoti, au kwa amri iliyotoka kwingine, na pasi ikawaka juu ya nguo wakati hakuna mtu chumbani. Hata vifaa vingine, soma maandishi ya nyuma ya soketi. Iliyoandikwa 10 A kwenye umeme wa volti 230 inabeba wati 2,300 na si zaidi, na hesabu hiyo ni ya vitu vyote vilivyo kwenye ekstensheni kwa pamoja. Usiunge ekstensheni juu ya ekstensheni.

Jambo moja ambalo wauzaji hawalisemi: ndani ya soketi kuna relei, yaani swichi ndogo inayoendeshwa na umeme, na nyingi hukata waya mmoja tu kati ya miwili. Kulingana na plagi ilivyoingia, waya wenye umeme unaweza kubaki hai hadi ndani ya kifaa hata kama kinaonekana kimekufa. Ukitaka kufungua kifaa au kukitengeneza, chomoa plagi kwa mkono.

Relei nayo huchoka. Vifaa kadhaa vikiwashwa kwa pamoja huvuta mkondo mkubwa kwa kitambo kidogo sana, na cheche inayotokea, ikirudiwa siku baada ya siku, inaweza kugandisha vyuma vya ndani. Dalili yake ni kwamba unabonyeza kuzima, pengine hata unasikia "tik", lakini kitaa cha king'amuzi bado kinawaka. Soketi ya namna hiyo, au yenye joto lisilo la kawaida ukiigusa, au yenye doa la kahawia kuzunguka matundu, itoe siku hiyohiyo na usiifungue kuitengeneza.