Nilipungua kilo 12, zimerudi karibu zote. Mwili umeharibika?

SWALI: Habari za kazi, mtaalamu. Nilikuwa na kilo 92. Kwa miezi mitatu niliacha kabisa wanga na chakula cha usiku, nikafika 80. Nikarudi kula kama zamani, wala sizidishi, lakini sasa mizani inasoma 90. Je, mwili wangu umeharibika?

JIBU: Mwili wako mzima kabisa, dada. Tatizo liko kwenye hayo maneno yako, "kula kama zamani". Mlo ule wa zamani ulikuwa wa mtu wa kilo 92. Kwa makadirio, kila kilo inayotoka hupunguza mahitaji ya mwili kwa kalori 20 hadi 30 kwa siku. Kwa kilo 12, ulipofika 80 sahani ileile uliyoizoea ilikuwa na ziada ya kalori 240 au zaidi, kila siku, bila wewe kuongeza hata kijiko.

Halafu kuna njaa. Mafuta mwilini yakipungua, leptini inayoleta shibe hushuka na ghrelini inayochochea njaa hupanda. Utafiti wa Australia uliotoka 2011 ulikuta hali hiyo ikiendelea hata mwaka mmoja baada ya watu kupungua. Kwa hiyo usijilaumu kwamba huna msimamo.

Mimi huwauliza wateja wangu hivi: hicho unachotaka kuanza, utakiweza siku ya msiba, au siku umetoka kazini saa tatu usiku umechoka hoi? Kama huwezi, usikianze. Kuacha chakula cha usiku kumekushinda, basi kula, ila mboga zichukue nusu ya sahani na vinywaji vya sukari vitoke moja kwa moja. Ni kidogo, lakini hata miaka kumi ijayo utakuwa unakifanya.

Pima uzito mara moja kwa wiki, siku ileile, asubuhi ukitoka msalani na kabla ya kunywa chochote, uandike. Ukiona kilo moja imeongezeka ghafla baada ya sherehe usishtuke, mara nyingi ni maji: kila gramu ya glikojeni (akiba ya wanga mwilini) huhifadhiwa na takriban gramu 3 za maji, na chumvi nayo huyashikilia. Ikipanda wiki tatu mfululizo, hapo ndipo upunguze.

Mazoezi peke yake hupunguza uzito kidogo kuliko watu wanavyodhani, ila husaidia sana kuulinda usirudi. Shirika la Afya Duniani linashauri dakika 150 hadi 300 kwa wiki. Aliyekwisha kupungua mara nyingi huhitaji kukaribia hizo 300, na kutembea haraka kunatosha.

Tena sioni haja ya kuikimbilia 80. Ukishuka hadi 85 ukakaa hapo, presha na sukari kwa kawaida huanza kunufaika. Na kama unameza dawa za presha au kisukari, mwone daktari wako kabla hujaanza, maana huenda dozi ikahitaji kushushwa kadiri unavyopungua.