Gari jipya la bei ya chini, Dodoma: hesabu ambazo hukufanyiwa dukani

Kwenye maegesho ya ofisini kwetu Mtumba gari halitazamwi, linasomwa namba. Likiwa na namba E watu wanakupa mkono wa hongera. Likiwa na namba C wanakusalimia tu. Kichekesho ni kwamba herufi hiyo haisemi gari limetengenezwa lini, inasema limesajiliwa lini hapa nchini. IST iliyotoka kiwandani Japani mwaka 2005, ikishushwa bandarini Dar juzi, inapewa E ileile niliyopewa mimi na gari ambalo viti vyake vilikuwa bado vina nailoni.

Ndiyo, nilinunua zero kilomita. Si la kifahari: kigari cha India, injini ya sisi (cc) 1,000, pistoni tatu, gia za mkono, shilingi milioni 36 likiwa barabarani. Milioni 20 zilikuwa akiba yangu, 16 nikakopa SACCOS ya kazini. Mwaka wa pili huu ninalo, na kwa kuwa wenzangu wananiuliza kila wiki kama nilifanya vizuri au nilipigwa, nimeona niandike mara moja.

Kwanza mjue nilikotoka. Nilikuwa na Passo ya 2006. Niliinunua yadi, dashibodi inasoma kilomita 82,000, dalali anaapa kwamba ilikuwa ya bibi mmoja wa Kijapani aliyeendea sokoni tu. (Hao mabibi wa Kijapani ni wengi sana, na wote walikuwa wanakwenda sokoni.) Miezi minane baadaye kijana wa kuosha magari akanionyesha stika ndogo pembeni mwa mlango wa dereva, ile ambayo gereji za kule hubandika zikibadilisha oili. Kijapani sikisomi, lakini tarakimu ninazisoma: 141,300. Yaani gari lilikuwa limetembea zaidi ya hapo kabla hata halijapanda meli, kisha likapunguziwa umri njiani. Ukienda yadi leo, kabla ya kusikiliza injini, fungua mlango utafute hiyo stika. Ukikuta sehemu imekwanguliwa, hilo nalo ni jibu.

Passo ile ilinimaliza. Ilipozimika mara ya tatu kabla ya kufika Ihumwa, saa moja na nusu asubuhi, nimevaa vizuri na nina kikao, nikasema sitaki tena kununua historia ya mtu mwingine. Hapo ndipo zero kilomita lina faida ambayo hakuna anayeweza kubisha. Unawasha, linawaka. Unajua limetumia oili gani tangu kuzaliwa na limegonga nini, kwa sababu ni wewe uliyeligongesha. Kwa miaka miwili sijasukumwa barabarani hata siku moja.

Na tofauti ya bei si kubwa kama wengi wanavyodhani. Gari lililotumika lenye zaidi ya miaka kumi hutozwa ile kodi ya uchakavu ya asilimia 30, juu ya ushuru wa forodha wa asilimia 25 na VAT ya asilimia 18. IST za toleo la kwanza zilitengenezwa kati ya 2002 na 2007, kwa hiyo zote zimo humo. Gari jipya halina uchakavu, na likiwa na injini isiyozidi sisi 1,000 linakwepa pia ushuru wa bidhaa. Ndiyo maana vigari hivi vinakuja na injini ndogo hivyo.

Sasa tuje kwenye machungu. Nianze na lililonichoma zaidi, ambalo si bei.

Servisi ya kwanza ni kilomita 1,000. Gari nililichukua Dar, na kutoka Dar hadi Dodoma ni kama kilomita 450. Nyumbani ni Mkonze na kazi ni Mtumba, kwenda na kurudi hamsini kwa siku. Piga hesabu: wiki mbili na ushee tu, kitabu kinaniambia nilirudishe kwa fundi wa kampuni. Fundi wa kampuni yuko wapi? Dar. Hakuna tawi hapa. Nilipouliza dukani kabla ya kulipa niliambiwa "Dodoma tupo", na mimi kwa furaha sikuuliza mpo mtaa gani. Kumbe walikuwa na wakala wa kuuza, hana jeki wala spana.

Baada ya hapo ni kila kilomita 10,000. Kwenda Dar na kurudi ni 900. Yaani karibu sehemu moja ya kumi ya maisha ya oili yangu ninaitumia kuifuata oili nyingine. Weka mafuta, weka siku mbili za ruhusa, weka zawadi za kwa dada Ubungo ninakolala. Weka na tochi za trafiki za kupima mwendo: ukisahau kibao cha 50 pale Gairo au Kibaigwa, elfu thelathini inakusubiri chini ya mwembe.

Kwa nini nisifanyie servisi mtaani? Nilijaribu. Fundi wangu wa siku zote, mtu mwema kabisa, alifungua boneti akatikisa kichwa. "Mama, hiki ni kipikipiki." Kisha akachukua dumu la 20W-50, oili nzito anayowawekea watu wote, kuanzia Noah hadi mashine ya kusaga. Kitabu cha gari langu kinataka 0W-20, nyepesi kama maji. Nikamzuia mkono. Aliudhika, akaniambia oili nyepesi Dodoma hii ya jua itaungua. Pengine kwa injini alizozizoea anasema kweli. Lakini mianya ya injini hizi mpya ni midogo, imepimwa kwa oili nyepesi, na ukiweka nzito unachelewesha oili kufika juu unapowasha asubuhi. Isitoshe, risiti ya oili isiyo yake inatosha kampuni kukuambia dhamana imekufa.

Lililoniokoa ni watu. Nilianza kuwasimamisha wenye gari kama langu, mmoja nilimfuata hadi ndani ya kituo cha mafuta Kisasa akadhani nina ubaya. Tulipofika saba tukafungua kundi la WhatsApp, tukaandika barua moja kwa kampuni, kwa heshima lakini saba kwa pamoja. Sasa kila baada ya miezi mitatu wanamtuma fundi na kompyuta yake, tunachangia nauli, anapanda treni asubuhi na kutuhudumia wote kwa mkupuo. Usinunue gari la aina ambayo uko peke yako mjini. Kabla hujalipa, kaa barabara ya Dar nusu saa jioni watu wanapotoka kazini uhesabu. Ukiona moja au hakuna, umeshajibiwa.

Kisa cha pili ni punda. Wanaoijua Dodoma wanaelewa. Mkokoteni wa maji, asubuhi, njia ya vumbi kwetu Mkonze, punda akashtuka kwa honi ya bodaboda, kona ya mkokoteni ikaondoka na saiti mira yangu ya kushoto. Kijana mwenye punda alitetemeka, nikamwacha aende, ningemdai nini?

Ingekuwa Passo ningemtumia mtu pesa Kariakoo mchana, kesho yake ninachukua saiti mira iliyotumika stendi ya Nanenane kwenye buti la basi, imekwisha. Kwa gari jipya hakuna iliyotumika, maana hakuna magari yaliyokufa ya kuchinjwa. Ni kuagiza. Niliambiwa wiki mbili, zikawa saba. Wiki saba nimeendesha na kioo cha kujipambia nilichokifunga kwa gundi ya karatasi, na kila nikisimamishwa na trafiki nasimulia habari za punda tangu mwanzo. Nilikimbilia bima kubwa, ile inayolipa hata uharibifu wa gari lako mwenyewe, nikakuta kile kiasi ninachotakiwa kubeba mwenyewe kwanza ni kikubwa kuliko bei ya kioo. Nikalipa mfukoni.

Na bima yenyewe. Passo niliikatia ndogo, 118,000 kwa mwaka. Gari jipya la mkopo huwezi kuliacha na bima ndogo, na hata ungeweza usithubutu. Asilimia 3.5 ya milioni 36 ni 1,260,000, ongeza VAT inakuwa 1,486,800. Sasa mtu anakuambia "lakini linanusa mafuta". Kweli linanusa. Passo iliyochoka ilinipa kilomita 12 kwa lita, hili linanipa 18. Kwa kilomita 1,100 za mwezi, lita ikichezea elfu tatu, ninaokoa kama 90,000. Mwaka mzima ni milioni moja na ushee. Bima peke yake imeshaimeza, na bado haijashiba. Kwa hiyo asikudanganye mtu kwamba gari jipya linajilipa kwa mafuta. Labda ukiwa unakwenda Kondoa kila wiki.

Vumbi nitalisema kwa ufupi: chujio la hewa kitabu kinasema libadilishwe kwa muda fulani, lakini hicho kitabu hakijawahi kukaa Mkonze mwezi wa tisa upepo ukivuma. Lifungue kila baada ya mwezi mmoja ulitazame. Rangi chagua ya fedha. Nyeupe inang'aa siku moja tu, Jumapili, hadi saa nne.

Nguvu je? Mjini linatosha. Lakini mkiwa watu watano, kiyoyozi kimewashwa, unapanda vile vilima vya Gairo nyuma ya lori la shehena ya Kongo, kuovateki unakanyaga pedeli hadi chini na kinachoongezeka ni kelele. Nimejifunza kuzima kiyoyozi, kushusha gia hadi ya tatu, na kama sioni barabara nyeupe kabisa mbele, nabaki nyuma ya lori nikisoma maandishi ya turubai. Kufika saa moja baadaye si aibu.

Hilo linanipeleka kwenye jambo ambalo sikuliuliza na ninajuta: usalama. Kuna taasisi inaitwa Global NCAP, yenye makao London, inayogongesha magari ukutani makusudi na kuyapa nyota. Mwaka 2020 Suzuki S-Presso ya soko la India ilipata nyota sifuri. La kwangu si hilo, lakini nilipoanza kusoma nikagundua kwamba gari la jina moja linaweza kuwa na eyabegi mbili katika nchi moja na moja katika nchi nyingine. Usiulize "lina eyabegi?" Uliza ngapi, na waandike kwenye ankara. Uliza papo hapo na breki za ABS, zile zisizoacha magurudumu yajifunge ukikanyaga ghafla. Mimi kwa bahati ninazo zote mbili, lakini nililijua hilo baada ya kulipa, na si hivyo mtu anavyonunua kitu cha milioni 36.

Mwezi uliopita mtu alinipa ofa: milioni 23, taslimu. Kilomita 31,000 tu, halijapigwa rangi popote. Milioni 13 zimeyeyuka katika miaka miwili. Jirani yangu wa IST aliinunua 15, akaitumia muda huohuo, akaiuza 13 na mnunuzi akashukuru. Kwa hiyo mimi siuzi. Ukinunua jipya la bei ya chini, liingie moyoni kwamba utalizeesha wewe mwenyewe, miaka minane, kumi. Kama ni mtu wa kubadilisha gari kila sikukuu, chukua IST, ila tafuta stika mlangoni.

Wiki iliyopita shemeji yangu, mdogo wake mume wangu, alikuja na hela yake tayari na picha ya gari kwenye simu. Sikumkataza. Nilimwandikia kwenye karatasi saizi ya matairi ya gari lile, nikamwambia azunguke maduka ya mjini aulize, kisha ndipo apande treni kwenda Dar kulipa. Jioni akanipigia. Maduka manne hawana. La tano wanayo mawili, yamekaa dirishani juani hadi yamepauka.

"Sasa shemeji, wewe unafanyaje?"

Nikamwambia mimi ninayo mawili uvunguni mwa kitanda.