Wakikuambia vita ni haki, uliza nani kaona

Kijana mmoja wa Chake Chake kaniandikia. Barazani kwao wenzake wote wameshakata kwamba vita fulani ni vya haki, na alipouliza ushahidi akaitwa msaliti. "Maalim, ninyamaze?"

Usinyamaze, mwanangu. Mimi hayo yalinifika.

Ilikuwa mwishoni mwa 1990, Iraq imeshaivamia Kuwait tangu Agosti. Baraza yetu ya Malindi, Unguja, ilikuwa na redio moja, na betri zake tukizianika juani mchana ili zivuke taarifa ya habari ya usiku. Zikaja habari za msichana wa miaka 15, aliyetajwa kwa jina la Nayirah tu, ambaye Oktoba ile alilia mbele ya wabunge wa Marekani akisema kawaona askari wa Iraq wakiwatoa watoto wachanga kwenye mashine za kuwatunzia na kuwaacha sakafuni wafe. Mzee mmoja akaweka kikombe chini, kahawa hajaimaliza. "Basi, hao wapigwe."

Nikauliza: huyu mtoto ni binti wa nani, na nani mwengine kaona? Loo! Nikaambiwa sina imani, namtetea Saddam. Muuza kahawa akanipita na dele lake kama sipo. Kwa muda mrefu salamu yangu ikijibiwa nusu mdomo.

Januari 1992, vita vimeshakwisha, ikafichuka kwamba Nayirah ni binti wa balozi wa Kuwait nchini Marekani, na ushahidi wake uliandaliwa na kampuni ya uhusiano wa umma iliyolipwa kuipigia debe Kuwait. Habari ya mashine haikuthibitika. Barazani hakuna aliyeniambia neno, na mpaka leo linaniuma.

Tazama lakini. Kuwait ilivamiwa kweli, hilo halina ubishi. Ila watu hawakuingia vitani moyoni mwao kwa sababu ya mipaka. Nchi ikinyang'anywa, watu hujadiliana: nani mwenye haki, kuna njia gani nyengine. Mtoto mchanga akitajwa, mjadala hufungwa hapo hapo, na anayeuliza huhesabiwa pamoja na muuaji. Wanaotaka vita wanalijua hilo vizuri kuliko sisi.

Kuuliza si kupinga kila vita. Vya Kagera nilikuwa mtoto wa skuli. Amin mwenyewe alitangaza kwamba ardhi ya kaskazini ya mto Kagera ni yake, na tarehe 2 Novemba 1978 Mwalimu Nyerere akasema uwezo wa kumpiga tunao, sababu tunayo na nia tunayo. Hata wazee wa Unguja wenye manung'uniko yao na Bara walikubali, maana mvamizi alikuwa amekiri kwa kinywa chake. Nami naamini mpaka leo kwamba haki ilikuwa yetu. Hata hivyo tulianza kwa kumtoa mtu katika ardhi yetu, na tarehe 11 Aprili 1979 Kampala ikawa mikononi mwa jeshi letu na wapiganaji wa Uganda waliokuwa pamoja nalo. Sababu ilikua njiani, nasi tukakua nayo bila ya kujadiliana.

Mwaka 2003 ilikuwa wazi zaidi. Tarehe 5 Februari Colin Powell, waziri wa mambo ya nje wa Marekani, alikwenda Baraza la Usalama kueleza silaha za maangamizi za Iraq. Silaha hazikuonekana, hadithi ikageuka kuwa ukombozi na demokrasia.

Kwa hiyo, kijana wangu, uliza nani kaona, na usikubali jibu la "kila mtu anajua". Nunua daftari, siku ya kwanza ya vita andika sababu iliyotolewa, na tarehe yake. Usibishane mbele ya kundi. Mfuate mmoja mmoja baada ya swala ya Isha, watu wakishatawanyika. Na nyinyi wazee wenzangu, kijana akiuliza mjibuni. Mkiwa hamna ushahidi, mwambieni hamna, kisha mmiminieni kahawa kama wenzake.